Sanduku la Mimea Dirishani: Tuliyofunzwa na Darasa la Tano Sengerema

Katika daftari la kila mwanachuo wa ualimu imo sentensi moja ambayo huandikwa mapema, mara nyingi katika juma la kwanza la somo la mbinu, kisha hupigiwa mstari kwa wino mwekundu: mwalimu huanza na yale ayajuayo mtoto, ndipo ampeleke kwenye yale asiyoyajua. Sisi nasi tuliiandika. Tuliiandika kwa mwandiko mzuri, tukaipigia mstari, na katika mtihani tukaijibu sawasawa. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyoisahau mbele ya watoto 48, kwa ajili ya sanduku la mbao lenye urefu wa sentimeta 60.

Ilikuwa Julai 1983. Tulikuwa wanachuo wawili tuliopelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi iliyo kando ya barabara itokayo Sengerema kwenda Busisi. Na tunaposema "sisi" hapa tunamaanisha sisi wawili, kwani tulipanga pamoja na tulikosea pamoja. Siku hizo aliyetaka kwenda Mwanza au kurudi alingoja kivuko kati ya Kigongo na Busisi, pengine kwa saa nyingi. Daraja lililofunguliwa Juni 2025 limeifanya safari ile kuwa ya dakika chache, na mwanachuo wa leo atakayepelekwa huko hataijua subira tuliyoijua sisi. Twaitaja subira hiyo kwa sababu katika kungoja kivuko ndipo tulipokutana na fundi wa mitumbwi, ambaye habari zake zitafuata.

Tulikabidhiwa darasa la tano, masomo ya Sayansi na kazi za mikono. Shule ilikuwa na shamba la pamba na bustani ya mboga, kama ilivyotakiwa tangu Mwalimu Nyerere alipotoa maelezo yake ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Lakini tulifika kiangazi. Mavuno yalikwisha ingia, na kwa desturi ya Usukumani mifugo ilikuwa imeachiwa mashamba ile mabua. Mbuzi hawakuona tofauti kati ya mabua ya mtama na mchicha wa shule. Bustani ilibaki vijiti. Hapo ndipo tulipopata wazo ambalo, twakiri, lilitupendeza kwa kuwa lilikuwa geni: tukuze mimea ya viungo ndani ya darasa, katika sanduku la mbao litakalokaa kwenye kizingiti cha dirisha, mahali pasipofikiwa na mbuzi wala kuku. Watoto watapima mbao, ndiyo Hisabati. Watapanda na kuchunguza, ndiyo Sayansi. Na majani watayatumia katika Sayansi Kimu. Tena mkufunzi wetu angekuja kutukagua katika juma la sita, na juma la sita ni muda wa kutosha kwa giligilani kuchipua na kutoa majani mazuri ya kuonyeshwa.

Wazo lenyewe tulilitoa katika kitabu cha kazi za mikono kilichochapwa Uingereza, ambacho tulikikuta kabatini. Kilikuwa na picha ya sanduku lililojaa majani mabichi, nyuma yake kioo cha dirisha na mvua ikinyesha nje. Kilitoa vipimo, kikaeleza udongo, kisha kikaagiza kwamba sanduku liwekwe katika dirisha linaloelekea kusini. Tulikinakili kitabu hicho katika andalio letu la somo, neno kwa neno. Hatukuongeza kitu, hatukupunguza kitu.

Kulijenga sanduku kulitupa taabu ya kwanza. Mwaka ule misumari ilikuwa adimu, na shule haikuwa na msumeno wenye meno. Jumamosi moja, tulipokuwa tukingoja kivuko pale Busisi, tulimwona mzee akifunga mbao za mtumbwi ufukweni, nasi tukamsalimu na kumweleza haja yetu. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza urefu, upana na kina, kisha akasema turudi baada ya siku nne. Tuliporudi tulikuta sanduku ambalo hatujaona la kulishinda. Mbao zilipigwa randa zikawa laini kama meza. Pembe zote zilikuwa mraba. Na katika kila kiungo fundi alikuwa amekalafati kwa pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta, kama akalafativyo mtumbwi. Tulipotaka kumlipa alikataa, akisema mjukuu wake yumo darasa la pili.

Msomaji aliye makini amekwisha ona kasoro. Sisi hatukuiona. Tulilibeba sanduku mpaka shuleni, watoto wakalishangilia, tukalijaza udongo tukapanda: giligilani upande mmoja, rihani katikati, vitunguu vya majani upande wa pili. Kisha tukalipandisha kwenye dirisha la kusini.

Mvulana mmoja aliyekaa karibu na dirisha hilo alinyoosha mkono. Alisimama, akasema taratibu: "Samahani mwalimu. Upande huu mwezi huu hauna jua. Mama haaniki michembe nyuma ya nyumba."

Kwa wale wasiotoka kanda ya Ziwa, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke, ili viliwe miezi ya njaa. Huanikwa kiangazi, aghalabu juu ya yale majabali makubwa yaliyotapakaa nchi nzima ya Mwanza. Mtoto wa huko, tangu ajuapo kutembea, hutumwa kuivigeuza na kuifukuzia kuku. Anajua jua linafika wapi, saa ngapi na mwezi gani, kama mtoto wa mvuvi ajuavyo upepo.

Tulimjibu hivi: "Kaa chini. Hapa tunazungumza habari za viungo, hatuzungumzi habari za michembe." Darasa likacheka. Mvulana akakaa.

Tungeweza kuliandika jambo hili kwa upole zaidi, tukasema kwamba tulikuwa vijana na kwamba siku hizo mwalimu hakubishiwa. Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba hatukumnyamazisha kwa sababu alivunja adabu, maana hakuvunja. Tulimnyamazisha kwa sababu alisema jambo ambalo halikuwamo katika andalio la somo, na hatukuwa na jibu.

Juma la kwanza halikuonyesha kitu. Giligilani huchukua muda. Siku 7 ikiwa na haraka, majuma 2 au karibu 3 ikiwa haina. Vikundi vya watoto vilipangiwa zamu za kumwagilia, na kwa kuwa kila kikundi kilitaka kuonekana kinafanya kazi, sanduku lilipata maji asubuhi na jioni, na siku nyingine mchana pia. Juma la tatu miche michache ilitokeza. Ilikuwa mirefu, myembamba kama uzi, ya rangi ya manjano, nayo ilijipinda yote kuelekea nje, kama watu wanaochungulia. Rihani haikuota kabisa. Kisha darasa likaanza kunuka. Kwanza tulidhani ni panya aliyekufa darini. Ilipofika siku ya tatu ya harufu hiyo tulipenyeza kijiti katika udongo wa sanduku, na kilipotoka kilikuwa na matope meusi kama ya mbugani.

Fundi wa mitumbwi alikuwa amefanya kazi yake ya siku zote. Maisha yake yote alizuia maji yasiingie, na sanduku lile lilizuia maji yasitoke. Baadaye, tulipomsimulia, alicheka mpaka akaketi juu ya gogo. "Walimu," alisema, "mliniambia urefu, mkaniambia upana. Hamkuniambia chombo kinabeba nini."

Hapo zilikuwa zimebaki siku chache kabla mkufunzi hajaja. Mmoja wetu, na hatutasema ni yupi, alikwenda sokoni Sengerema akarudi na fungu la mnanaa lenye mashina marefu mazuri. Mpango ulikuwa tumwage matope, tutie udongo mkavu, tuchomeke mashina yale jioni ya kuamkia ukaguzi. Mnanaa uliochomekwa katika udongo wenye maji hubaki umesimama kwa siku nzima bila kunyauka sana. Mkufunzi angeona sanduku la kijani, angeandika maneno mazuri, na angeondoka kwa kivuko cha alasiri. Tuliutia mnanaa katika kikombe cha maji pale nyumbani tulipopanga, tukalala.

Hatukulala vizuri. Kilichotukosesha usingizi hakikuwa woga wa kugunduliwa na mkufunzi, kwa maana tuliamini asingegundua. Ni kwamba watoto wangejua. Wao ndio waliopanda giligilani, ndio waliomwagilia, ndio walionusa. Wangeketi kimya wakatutazama tukimweleza mgeni kuhusu mimea yao, nao wangejifunza somo ambalo hakuna muhtasari wa masomo uliolitaja. Asubuhi tulikiacha kikombe dirishani pa nyumba, tukaenda shuleni mikono mitupu.

Tulianza kwa kumwita yule mvulana mbele. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa, akidhani ana kosa. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba alikuwa amesema kweli, kwamba tulifanya vibaya kumkatiza, na kwamba sasa tunamwomba aeleze tena habari ya michembe. Darasa lilinyamaza kabisa. Haikuwa desturi. Aliichukua chaki kwa kusitasita, akachora nyumba, akachora jua, akaeleza kwamba kiangazi kivuli cha nyumba hukaa upande wa kusini mchana kutwa, na kwamba wakati wa mvua za mwaka mpya kivuli huhamia upande wa pili. Msichana mmoja akaongeza kwamba bibi yake huhamisha kigoda kwa sababu hiyo hiyo. Katika dakika kumi tulipata mifano zaidi ya kumi, na hakuna hata mmoja uliotoka kitabuni.

Kisha tukatoka nje. Tulisimika kijiti cha urefu wa meta 1 katikati ya uwanja, tukakinyosha kwa uzi wenye jiwe, na watoto wakatia alama mwisho wa kivuli kila baada ya dakika kumi kuanzia saa tano na nusu. Hapo tulipata jambo lingine ambalo hatukulitazamia. Kivuli hakikuwa kifupi kuliko vyote saa sita. Kiliendelea kufupika, na kilifikia ufupi wake kama dakika tano tu kabla ya saa saba. Tulishuku saa zetu, tukaazima ya mwalimu mkuu, ikatoa jibu lile lile. Sababu ni kwamba saa ya Afrika ya Mashariki imewekwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ulio mbali baharini kutoka pwani yetu, ilhali Sengerema iko karibu na 32 na nusu. Jua hutumia dakika nne kupita kila nyuzi moja, basi hutufikia likiwa limechelewa karibu dakika 50. Tangu hapo tumekuwa tukiwashauri wanachuo wa kanda ya Ziwa wasiandike katika andalio kwamba jua huwa utosini saa sita mchana.

Kivuli cha siku ile, Ijumaa tarehe 5 Agosti, kilikuwa na sentimeta 36, nacho kilielekea kusini. Maana yake jua lilikuwa kaskazini. Uingereza iko kaskazini mno kiasi kwamba mchana jua halitoki kusini hata siku moja katika mwaka. Ndiyo sababu mwandishi wa kitabu kile aliagiza dirisha la kusini, na kwa wasomaji wake alisema kweli tupu. Sengerema iko nyuzi 2 na nusu hivi kusini ya Ikweta. Kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kati ya Machi na Septemba huwa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini. Tulikuwa tumeliweka sanduku katika dirisha ambalo, Julai yote, halikuguswa na mwali mmoja wa jua, kuanzia macheo hadi machweo.

Watoto walipendekeza tulihamishe kwenye dirisha la kaskazini. Tulijaribu, na hapo pia tulijifunza. Upenu wa paa ulikuwa mpana, ukalikinga dirisha wakati wa mchana. Ndipo tulipotambua kwamba madarasa yetu hujengwa kwa makusudi yakilala mashariki na magharibi, madirisha yakitazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiwachome wanafunzi. Mjenzi wa darasa na mkuza mimea wanataka vitu viwili vinavyopingana. Dirisha pekee shuleni lililotazama mashariki lilikuwa la ofisi ya mwalimu mkuu.

Tulimwendea kwa hofu. Alitusikiliza, akatazama dirisha lake, akasema hana kipingamizi iwapo maji hayatamwagikia buku la mahudhurio.

Sanduku la pili tulilijenga wenyewe na watoto, na kwa kuwa baadhi ya wasomaji watataka kulijaribu, tutaeleza kazi yenyewe kwa urefu kidogo.

Tulipata ubao wa rafu uliotupwa stoo, wenye unene wa inchi 1, upana wa sentimeta 20 na urefu wa sentimeta 210. Sanduku lilitakiwa liwe na urefu wa sentimeta 60 na upana wa 18 kwa nje. Watoto walikokotoa vipande: viwili vya 60 kwa ubavu, viwili vya 13 kwa vichwa, na kimoja cha 55 kwa kitako, ambacho hupunguzwa upana kuwa 13 ili kiingie ndani. Jumla sentimeta 201. Waliokokotoa kwa ubao wa meta 2 wangepungukiwa na sentimeta moja; na hata 201 kamili haitoshi, kwa kuwa msumeno hula milimeta mbili au tatu kila unapopita. Hesabu hii ndogo ilitushughulisha kipindi kizima, na hatukijutii. Unene wa ubao ndio uliowasumbua wengi, maana mtoto husahau kwamba vichwa huingia kati ya mbavu.

Misumari tuliinyoosha kutoka katika madawati mabovu, yenye urefu wa inchi 2. Ukipiga msumari karibu na mwisho wa ubao mwepesi, ubao hupasuka. Fundi alitufundisha kuupindua msumari na kuigonga ncha yake kwa nyundo mpaka iwe butu kidogo; msumari butu huvunja nyuzi za mti mbele yake, usizitenge, na ubao haupasuki. Leo, palipo na mbao za msonobari kutoka misitu ya kupandwa kama ule wa Buhindi, upande wa Buchosa, kanuni hiyo inafaa zaidi, kwani msonobari hupasuka upesi.

Katika kitako tulitoboa matundu sita. Hatukuwa na keekee, tukatumia kipande cha nondo kilichotiwa motoni mpaka kikawa chekundu. Kazi hii aifanye mwalimu, watoto wasimame mbali. Kila tundu lipitishe kidole kidogo. Chini ya kitako pigilia vibao viwili vyembamba vya kuliinua sanduku, ili maji yapate njia na mbao zisilale katika unyevu. Chini yake weka kipande cha bati kilichokunjwa kingo. Viungo visikalafatiwe.

Juu ya kila tundu tuliweka kigae cha chungu kuzuia udongo usitoke. Kwa miaka mingi baadaye tuliwafundisha wanachuo waweke pia tabaka la kokoto chini ya udongo, eti maji yapite vizuri. Tunalitangua fundisho hilo. Imekwisha thibitika kwamba maji hukwama katika udongo laini ulio juu ya kokoto kuliko kushuka, na kokoto hupunguza tu nafasi ya mizizi. Matundu na kigae vinatosha. Udongo wetu ulikuwa makarai mawili ya udongo wa juu, karai moja la samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, na karai moja la mchanga. Usipake mbao oili chafu ya magari kuzuia mchwa, ingawa mafundi wengi hufanya hivyo. Majani haya yanaliwa. Acha mbao kavu, na zikioza baada ya misimu kadhaa jenga nyingine.

Kuhusu uzito, fanyeni hesabu kabla ya kulipandisha. Ukiacha nafasi juu kwa ajili ya maji, udongo hujaa kina cha sentimeta 15: 55 mara 13 mara 15 ni karibu lita 11. Udongo huo ukilowa, pamoja na mbao, unapita kilo 20. Sanduku la kilo 20 likimwangukia mtoto ni msiba. Tulilifunga kwa waya kwenye vyuma vya dirisha, pande zote mbili.

Dirisha lile lilipata jua tangu macheo, ambayo huko Julai na Agosti huwa karibu saa moja asubuhi, mpaka upenu ulipolikinga kama saa tano. Hizo ni saa nne. Kwa giligilani, mnanaa na vitunguu vya majani zinatosha. Kwa rihani hazitoshi, tukaiacha. Mchaichai tuliukataa mapema kwa kuwa hufikia kimo cha meta moja, ungemzibia mwalimu mkuu mwanga wote. Mbegu ya giligilani ni tufe lenye mbegu mbili ndani. Tulizisugua kwa kiatu zikapasuka, zikaota siku ya tisa. Na zamu ya maji tuliibadili: kikundi hakimwagilii kwa sababu ni zamu yake. Hutia kidole mpaka kiungo cha kwanza, na udongo ukiwa mbichi hufunga kopo na kuandika katika daftari "haukuhitaji". Watoto waliona uchungu mwanzoni kuandika neno hilo.

Ule mnanaa wa sokoni tulikuwa tumeusahau katika kikombe. Siku moja mwenzetu alipotaka kukitumia kwa chai aliona mashina yametoa mizizi myeupe, mirefu kama kidole. Tuliipeleka darasani na kikombe chake, tukawaeleza watoto ilikotoka na tulichokusudia kuifanyia. Walicheka kuliko tulivyotarajia. Mashina yale ndiyo tuliyopanda katika sanduku la pili, upande wake peke yake, tukitenga kwa kibao, kwa sababu mnanaa hutambaa na kuwameza majirani.

Mkufunzi alikuja. Aliona masanduku mawili, moja bovu na moja lenye miche ya siku chache tu, fupi isiyozidi kidole. Tulikuwa tumeliweka la kwanza mezani, matope yakiwa yamo, na mvulana wa michembe ndiye aliyelieleza. Mkufunzi aliandika kwamba somo lilizidi muda kwa dakika 14 na kwamba andalio halikulingana na kilichofundishwa. Yote mawili yalikuwa kweli. Alitupa alama ya wastani. Alipokuwa akiondoka alirudi kutoka mlangoni, akainama, akalinusa lile sanduku bovu, akasema, "Hili msilitupe."

Jambo ambalo mkufunzi hakuliona, kwa kuwa lilitukia asubuhi kabla ya kengele, lilikuwa lile la ofisini. Kabla ya sanduku, mtoto wa shule ile aliingia ofisi ya mwalimu mkuu kwa sababu moja tu, na alitoka akilia. Sasa waliingia wawili wawili kila asubuhi, wakabisha hodi, wakatia kidole udongoni, wakaandika, wakatoka. Mwishoni mwa Agosti tulimkuta mwalimu mkuu mwenyewe akichuma majani ya mnanaa na kuyatia katika birika. Alipotuona alisema kwamba anapunguza, ili yasizidi.

Tulirudi chuoni mwanzoni mwa Septemba, kijiti kikiwa bado kimesimama uwanjani. Katikati ya Oktoba tulipokea barua kutoka darasa la tano, imeandikwa kwa mwandiko wa mikono mingi, kila mstari mkono wake. Walikuwa wameendelea kupima kivuli kila Ijumaa, na waliorodhesha vipimo vyao: tarehe 2 Septemba, sentimeta 19, tarehe 9, sentimeta 14, tarehe 16, sentimeta 9, tarehe 23, sentimeta 5. Kwenye tarehe 30 Septemba waliandika "hakuna kivuli", na mtu akapiga mistari miwili chini ya maneno hayo. Tarehe 7 Oktoba kivuli kilirudi, kifupi, kikielekea kaskazini.

Chini kabisa, kwa mkono tulioutambua, palikuwa na swali: kwa kuwa sasa jua limehamia kusini, je, walimu wanaonaje tukilirudisha sanduku kwenye lile dirisha la kwanza, au upenu utalikinga huko nako? Tulijibu kwamba hatujui, na kwamba wapime.